Mtungi Usiocheza

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani pale Isaka, nawaambia nahesabu gesi. Wanacheka. "Gesi inahesabiwaje, dada, kwani ina vichwa?" Dereva mmoja wa malori ya Kigali aliwahi kuniambia nimeajiriwa kuhesabu pumzi. Nilimjibu vibaya, kama kawaida yangu, maana mdomo wangu haujui kusubiri. Lakini moyoni nilijua amekaribia ukweli kuliko alivyodhani.

Bohari yetu ina matangi meupe yaliyolala ubavu, si mbali na bandari kavu. Gesi ya kupikia inafika kwa malori kutoka pwani, tunaipokea, tunaipima, tunaijaza kwenye mitungi inayokwenda Kahama, Ushirombo na huko machimboni. Ndani ya tangi gesi si hewa kama watu wanavyofikiri. Imebanwa mpaka imekuwa majimaji, inatikisika kama maziwa kwenye kibuyu, na juu yake umekaa mvuke wake wenyewe. Kazi yangu ni kujua, bila kufungua chochote, humo ndani kuna kimiminika kiasi gani, mvuke kiasi gani, na jua likiwaka mambo yatakuwaje. Kuchungulia siwezi. Ninachotegemea ni mlinganyo.

Nilikutana nao chuoni, asubuhi moja niliyoingia darasani nimenuna kwa sababu maji yalikatika bwenini. Mwalimu, mzee mmoja mpole, aliandika mstari mmoja ubaoni. Mfupi! Ungeweza kuuandika kwenye kiganja. Akasema asili yake ni Mholanzi mmoja wa zamani. Kabla ya huyo Mholanzi watu walikuwa wakihesabu gesi kana kwamba chembe zake hazina mwili wala hazijuani. Yeye akasahihisha mambo mawili tu. Kwanza, kila chembe ina mwili, inachukua nafasi yake. Pili, chembe zikikaribiana zinavutana.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga, nililielewa jambo lile kwa mnada wa ng'ombe. Siku ya mnada kila mtu ana viwiko vyake, huwezi kusimama aliposimama mwenzako. Na tena watu hawatawanyiki ovyo, kila mmoja anamvuta shemeji yake, jirani yake, mtu wa kwao. Basi ukiingiza viwiko na undugu kwenye hesabu ya gesi, unapata mlinganyo wa kipeo cha tatu. Na mlinganyo wa kipeo cha tatu unaweza kuwa na majibu matatu.

"Ukiuliza gesi hii inachukua nafasi gani kwa joto hili na presha hii," mwalimu alisema, "utapewa majibu matatu. Kubwa ni la mvuke. Dogo ni la kimiminika. La katikati halimo duniani, litupeni."

Jamani! Vinyweleo vilinisimama. Hakuna mtu aliyeuambia mlinganyo ule kwamba duniani kuna kitu kinaitwa kimiminika. Mholanzi wa watu aliweka viwiko na undugu, basi, na kimiminika kikatoka chenyewe kwenye hesabu. Ukiongeza joto, jibu la mvuke na jibu la kimiminika yanasogeleana, yanasogeleana, mpaka yanakutana na kuwa kitu kimoja. Na kweli, ukienda kupima kwenye chuma na moto, ndivyo inavyotokea. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, mlinganyo umejuaje?" Darasa zima likapasuka kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema amefundisha tangu ujana wake na yeye pia hajui umejuaje. Tangu siku ile nilimpenda yule mzee kama babu yangu mzaa mama.

Sasa mlinganyo huu, pamoja na utukufu wake, una ugonjwa mmoja. Wataalamu waliokuja baadaye wameutia viraka, na mvuke unaujua vizuri sana. Lakini kwenye kimiminika unakosea kidogo. Huu tunaoutumia sisi unakifanya kimiminika cha gesi ya kupikia kiwe kizito kidogo kuliko kilivyo, kana kwamba chembe zimekaa kwa adabu zaidi kuliko zinavyokaa. Hilo chuoni nililiandika kwenye mtihani nikapata maksi zangu, nikalisahau. Isaka ndiyo iliyonifundisha. Kila nikihesabu, kimiminika ndani ya tangi kilikuwa juu kuliko hesabu ilivyosema. Nikagombana na mafundi wa vipimo, nikawaita wavivu, kumbe vipimo vyao havina kosa. Ndipo nikazoea kuweka sahihisho, kuusogeza ujazo kidogo kila mara kabla ya kuamini jibu.

Ugomvi wangu mkubwa lakini haukuwa na mafundi. Ulikuwa na wateja. Mtungi haujazwi mpaka juu. Tunaacha nafasi, kwa sababu kimiminika kikipata joto kinavimba, na kikikosa pa kuvimbia kitapatafuta. Haya mweleze mtu wa kwetu! Mtu wa kwetu amezaliwa akiona debe la mahindi linabeba kichuguu juu, na gunia la mpunga linafungwa kwa lumbesa, likivimba kwa juu kama shingo ya fahali. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara ngapi? Watu wanaitikia ndiyo mzee, kisha wanashona gunia vilevile. Ukimpimia mtu mpaka ukingoni tu, umemnyima. Ukimwachia nafasi tupu, ah, wewe ni mwizi, na jina lako litafika sokoni kabla yako.

Na wana namna yao ya kumkamata mwizi wa gesi. Wanaunyanyua mtungi, wanautikisa, wanasikiliza. Ukicheza, yaani ukisikika maji yakigonga ndani, wanasema umepunjwa. Nimetukanwa na wamama wa heshima zao kwa ajili ya sauti hiyo.

Mama yangu mzazi ni mmoja wao. Yeye anauza chakula Rwamgasa, karibu na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Baada ya baba kufariki alifunga mizigo akaenda huko, na hakuniomba ushauri. Ana kibanda cha bati, majiko mawili ya mkaa, mafiga matatu ya kuni nje, na jiko la gesi la kuivisha haraka wanaume wanapopanda kutoka shimoni. Wachimbaji wanatoka pande zote za nchi, Waislamu na Wakristo, na wote wanamwita mama na kumwamkia shikamoo, hata wenye mvi. Ugali wake na sato vina jina pale. Nami nilijivuna kwamba mtungi wake unatoka kwetu.

Basi siku moja ya mwezi wa kumi, jua lile la kabla ya mvua linalokausha mpaka mate, akanipigia simu saa nne asubuhi. Nyuma yake nilisikia karasha likisaga mawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikia, gesi yenu msiniletee tena."

"Kwa nini?"

"Nimepata mtu hapa senta. Anahamisha kutoka mtungi mkubwa, anakujazia mpaka basi. Lumbesa ya gesi! Nimeutikisa mimi mwenyewe, hauchezi. Kimya! Wenu ukiutikisa unalia cho-cho-cho, nusu hewa. Mnatuibia mchana kweupe, na wewe mwanangu umo."

Kwanza nilikasirika, maana nimezoea. Nikaanza kumjibu. Kisha neno lile likaniingia. Hauchezi. Mtungi usiocheza ni mtungi usio na mvuke, au una kidogo sana. Nikauliza, nikijikaza nisipandishe sauti, kama aliupima. Aliupima, tena kwa fahari, kwenye mzani wa jirani anayenunua mpunga. Ukitoa uzito wa chuma ulioandikwa shingoni, mtungi wa kilo kumi na tano ulikuwa na gesi kilo kumi na nane.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Nje, nyuma ya bati. Nimeuweka juani uchangamke. Nitaufungua jioni, huu wa zamani ukiisha."

Nikamwambia asubiri nimpigie. Akasema yeye ana wali jikoni, hana muda wa kusubiri mtu.

Nikafungua kompyuta. Kilo kumi na nane ndani ya chuma kile, ujazo wake naujua. Nikauliza mlinganyo swali moja tu: kwa joto gani kimiminika kitajaza mtungi wote, mvuke uishe? Maana mvuke ukiwepo, hata kidogo, mtungi una pa kuhemea, na presha inapanda kwa upole. Ukiisha, kinabaki kimiminika kitupu, na kimiminika hakibanwi. Hapo kila joto likiongezeka kidogo presha inaruka.

Jibu likaja. Nafasi ipo. Itaisha kwenye joto kubwa ambalo hata chuma cha Rwamgasa juani hakilifikii. Nikashusha pumzi, nikamcheka mama kimoyomoyo, nikaagiza chai.

Chai ikaja. Nimeinua kikombe, macho yakapita dirishani, yakaangukia matangi yetu meupe yaliyolala pale. Sikuwa nimeweka sahihisho. Nilikuwa nimehesabu kama mwanafunzi, na mlinganyo ukanijibu kama kawaida yake, ukikiona kimiminika kizito kuliko kilivyo, ukinipa nafasi ambayo haipo. Nikarudia kwa sahihisho la Isaka. Joto la kuisha kwa nafasi likashuka, likashuka mpaka pale ambapo mwezi wa kumi chuma juani kinapita kabla ya chakula cha mchana.

Nilikaa nikiutazama ule mstari. Sijui nisemeje. Mtungi sijauona, mtu aliyeujaza simjui, Rwamgasa ni mbali, na bado kwenye kioo cha kompyuta nilikuwa naona ndani ya chuma kuliko mama aliyesimama kando yake. Niliogopa mtungi, na nikauogopa mlinganyo pia, kwa jinsi unavyoona.

Mtungi ule una valvu ya usalama. Presha ikizidi, inafunguka na kumwaga. Ni jambo jema, usipokuwa na moto karibu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipai, inatambaa chini kama maji. Na nyuma ya bati, hatua chache, kuna mafiga matatu na majiko mawili ya mkaa, na wanaume wa maduara wanakuja kula saa saba.

Nilipiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Mtandao wa machimboni unaufahamu mwenyewe. Namba nyingine ya Rwamgasa sikuwa nayo, na nilijilaani kwa hilo. Ilipoita, mama alipokea kwa ukali. "Nini tena?"

Nikamweleza. Nikaanza na kuvimba kwa kimiminika, nikaona napoteza muda, nikarukia mwisho. Zima moto wote. Mafiga, majiko, kila kitu. Mtungi usiguswe wala kuviringishwa. Umwagie maji kwa mbali, watu wakae upande upepo unakotoka.

"Yeeh! Wewe mtoto, una wazimu? Nizime moto saa hizi? Wali haujaiva. Watu wanapanda."

"Mama, mtungi umejaa kupita kiasi."

"Ndio nimeulipia ujae!"

"Mama, nimehesabu."

"Umehesabu! Umekaa Isaka kwenye kiyoyozi unahesabu mtungi wangu. Hesabu za Wazungu hizo, mwachie Mzungu." Halafu akageukia mtu pale, nikamsikia akisema, "Ni binti yangu, anagombana na gesi." Wakacheka.

Hapo ndipo ningepaswa kuchemka. Ndivyo nilivyo, mama ndivyo alivyo, tumegombana tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini hasira haikuja. Nikasema, "Mama, naomba. Naomba, mama yangu. Nakuomba."

Simu ikakatika. Sikujua kama amesikia.

Sikuwahi kuujua mchana mrefu kama ule. Nilipiga, haipatikani. Nikamwambia bosi wangu nina matatizo nyumbani, akasema nenda, nikasema niende wapi, nitafika jua limekwisha kuzama. Lori lilikuja kupakua, sikusikia hata honi. Niliufungua mlinganyo tena nikawa nauangalia tu. Chuoni uliponipa kimiminika bila kuambiwa, nilitaka kupiga vigelegele. Sasa nilitamani ukosee. Nilitafuta kosa kwenye hesabu zangu kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mchanga, na kila nilipopita palikuwa safi. Ulikuwa umesema ukweli wote, na haukuwa na mkono wa kumwaga hata kikombe kimoja cha maji.

Saa kumi simu ikaita. Namba ngeni. Nikapokea.

"Mwanangu." Sauti ya mama, ya chini, tofauti na yake. "Simu yangu iliisha chaji. Hii ya jirani wa mpunga."

"Mko wazima?"

"Tuko wazima. Kaa nikwambie."

Nikakaa.

Alisema simu ilipokatika alisimama na mwiko mkononi. Maji yalikuwa kidogo, mkokoteni wa maji haujafika, madumu mawili tu. Nilikuwa nimemwambia azime moto na amwagie mtungi. Madumu mawili hayatoshi kazi zote mbili. "Nikajiuliza nimwagie wapi. Moto naujua. Huo mtungi wako siujui. Nikamwaga yote kwenye moto."

Nilifumba macho. Mimi sikumwambia aanze na kipi. Kama angemwagia mtungi, angeupoza kidogo, kisha jua lingeurudisha palepale, na mafiga yangekuwa yanawaka.

Wachimbaji walipofika walikuta jivu bichi na wali mbichi. Wakapiga kelele. "Mama leo umeamkia upande gani?" Mmoja akawasha sigara, mama akampokonya mdomoni na kumsukuma. Akawahamisha wote hadi upande wa pili wa barabara, upepo unakotoka, wakiwa na njaa yao na matusi yao. Alimwambia jirani mwingine azime jiko lake pia. Jirani, mtu mwenye maneno, alikataa mpaka mama alipovua kilemba akapiga magoti mbele yake. Mama yangu! Kupigia mtu magoti kwa ajili ya jiko.

Wakakaa. Muda ukapita, hakuna kitu. Watu wakaanza kumcheka, wengine wakataka kurudi. Ndipo valvu ikafunguka.

"Ulipiga mluzi," alisema. "Mluzi ambao sijausikia tangu nizaliwe, hata karasha lilikuwa kama limenyamaza. Likatoka wingu jeupe, zito, likaanguka chini. Halikupanda juu. Lilitambaa, mwanangu. Likapita chini ya bati, likaingia jikoni kwangu, likazunguka mafiga moja moja, taratibu, kama linatafuta. Likapita kwenye jiko la jirani. Likatelemka mtaroni, likaenda zake. Yule wa sigara alikaa chini akalia."

Nilikuwa naliona wingu lile. Nililijua uzito wake, nilijua kwa nini lilikuwa jeupe na kwa nini lilitambaa, yote hayo yamo kwenye mstari unaotosha kiganjani, na bado niliogopa kama mtu asiyejua lolote. Nikamwambia wasiwashe kitu mpaka kesho, mtungi usiguswe, nitakuja na fundi wetu alfajiri. Akaitikia ndiyo, ndiyo, bila kubisha. Ilinitisha pia, hiyo ya kutobisha.

Kisha nikamuuliza. Nilitaka kujua kipi nilichosema kilimwingia, kuvimba au presha au uzito, ili niwaambie na wamama wengine hivyohivyo.

"Mama, uliiaminije ile hesabu?"

"Hesabu gani? Mimi hesabu yako sikuielewa hata neno moja." Nikasikia upepo kwenye simu. "Mwanangu, nimekuzaa mimi. Wewe hujawahi kuniomba kitu. Unadai. Unagomba, unanuna, unaondoka. Hata baba yako alipokufa ulikuja ukagombana na waliochimba kaburi. Leo umesema naomba. Mara mbili, mara tatu. Nikasema, huyu mtoto ameona kifo changu."

Nililia pale ofisini, mlango wazi, mafundi wa vipimo wanaangalia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza kama nimekula.